Wikiendi ya Wawili Zanzibar: Viungo, Mapenzi na Kumbukumbu za Mama

Umeahidi kumletea mama mkwe dawa ya kusahau kutoka Darajani? Kabla hujafungua pochi, tembea nasi sokoni, shambani na barazani. Utarudi na kapu zuri, na pia na maswali ya maana ya kumuuliza daktari.

Ijumaa mchana bandari ya Dar es Salaam huwa na sura yake. Kuna wafanyabiashara na mizigo yao, kuna watalii na mabegi ya mgongoni, halafu kuna sisi: wawili wawili, laptopu zimezimwa, simu ya bosi imewekwa kimya, wikiendi ndiyo hiyo. Boti inachukua takriban saa mbili kufika Unguja. Muda huo unatosha kupiga stori, kugombana kidogo kuhusu nani kasahau chaja, na kupatana kabla Mji Mkongwe haujaonekana.

Lakini chungulia simu za watu humo ndani. Kila mmoja ametumiwa oda. "Niletee habasoda." "Usisahau mafuta ya karafuu ya bibi." "Ukipata zafarani ya kweli mnunulie mama, siku hizi hacheki." Hapo ndipo safari ya mapenzi inapobadilika kidogo. Wengi wetu tuko kwenye miaka ya thelathini, na wazazi wetu wamefika sitini na kitu, sabini, wengine wameshapita hapo. Mama aliyekuwa na namba za simu za ukoo mzima kichwani sasa anauliza swali moja mara tatu katika mlo mmoja. Baba aliyekuwa mcheshi anakaa kimya mbele ya TV mpaka taarifa ya habari inaisha, na ukimuuliza kilichosemwa, hajui.

Na kwa wapendanao kuna kazi nyingine ngumu: utamwambiaje mwenzako kwamba mama yake anasahau kupita kiasi? Ukisema wazi, unaonekana unamdharau mkwe. Ukinyamaza, sufuria iko siku itaungua jikoni akiwa peke yake. Basi wengi tunachagua njia ya katikati: tunanunua dawa ya asili. Haina aibu, haina foleni, haina daktari wa kuuliza maswali. Na ikiwa unakwenda Zanzibar, kisiwa cha viungo, utaacha kweli?

Twende tukaone.

DARAJANI, PUANI KABLA YA MACHONI

Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, na mpaka leo linakufikia puani kabla hujaliona. Upande mmoja samaki, upande mwingine nyama na kuku, halafu ukikunja kona, harufu inabadilika ghafla: mdalasini, hiliki, karafuu, uzile, pilipili manga. Viungo vimefungwa kwenye vipakiti vya nailoni, vingine kwenye vikapu vidogo vya ukili kwa ajili ya wageni. Chukueni muda wenu hapa. Ni mahali pazuri pa kutembea mmeshikana mikono, ingawa kwa msongamano ule ni bora mshikane kweli msije mkapotezana.

Ukitaja tu kwamba una mzazi mwenye kusahau, meza nzima inaamka. Habasoda hii, asali hii, manjano haya, mchanganyiko huu wa unga kwenye chupa isiyo na maandishi. "Mpe mama siku saba tu, hatosahau tena." Muuzaji anazungumza kwa upole na heshima zote za Kiunguja, na haielekei kama anakutapeli, mwenyewe anaamini. Tatizo ni kwamba imani na ushahidi ni vitu viwili. Kwa hiyo tuanze na vile vinavyotajwa sana.

Habasoda kwanza, zile mbegu ndogo nyeusi. Wataalamu wa Bangladesh waliwahi kuzijaribu kwa wazee 40 wenye afya kwa wiki tisa, gramu moja kwa siku, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 waliotumia walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani ya kumbukumbu. Inatia moyo, sivyo? Lakini hesabu vizuri: watu 40, wiki tisa, na hawakuwa wagonjwa. Huwezi kujenga tiba ya mama juu ya hapo. Unachoweza ni kunyunyizia mbegu zako kwenye mkate wa jioni bila wasiwasi.

Zafarani ndiyo yenye stori tamu zaidi, kwa sababu hiyo imepimwa kwa ajili ya moyo ulioinama, yaani sonona. Kuanzia mwaka 2004 watafiti wa Tehran walitoa matokeo ya majaribio kadhaa wakilinganisha miligramu 30 za zafarani kwa siku na dawa za kawaida za sonona kwa wiki sita, na zafarani haikuachwa nyuma. Mwaka 2010 walichapisha jaribio jingine, safari hii kwa watu 54 wenye ugonjwa wa Alzheimer, kwa wiki 22, na zafarani ikaenda sambamba na dawa ya hospitali iitwayo donepezil. Ni habari nzuri za kweli. Ila majaribio yote hayo ni madogo na mafupi, na mengi yamefanyika katika nchi moja.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia: zafarani haioti Unguja. Ni nyuzi nyekundu zinazochumwa kwa mkono katikati ya ua dogo la zambarau, na sehemu kubwa ya zafarani ya dunia inatoka Iran. Ni miongoni mwa viungo ghali kuliko vyote. Ukiona pakiti kubwa ya "zafarani" kwa bei ya chee, ujue hapo kuna manjano au maua ya mmea mwingine yaliyokaushwa. Yatatia rangi pilau lako vizuri sana, lakini furaha ya mama haimo ndani yake.

SHAMBANI: PUA YAKO INA KUMBUKUMBU

Jumamosi asubuhi pandeni gari kuelekea Kizimbani au Kidichi, kama nusu saa kutoka mjini. Mikarafuu ililetwa kisiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Sayyid Said ikaifanya Zanzibar jina la dunia. Huko Kidichi yapo mabafu aliyoyajenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Kumbe hata wakubwa wale walijua kumtoa mwenzi wikiendi!

Ziara ya shamba la viungo ina mchezo wake maarufu. Kijana anayewatembeza anachuma jani, analifikicha kiganjani, anawapa mnuse. "Hii nini?" Mnaanza kubahatisha. Mdalasini? Mchaichai? Limau? Mnacheka, mnakosea, mnavishwa taji la makuti. Raha tupu.

Lakini mchezo huo ukiutazama vizuri una jambo zito ndani yake. Madaktari wa ubongo nao wana vipimo vinavyofanana na huo: unanusishwa kitu, unatakiwa ukitaje. Katika ugonjwa wa Alzheimer, na katika Parkinson pia, uwezo wa kutambua harufu mara nyingi hupungua mapema, pengine miaka kabla mambo mengine hayajaonekana. Njia za harufu ndani ya ubongo zinapita jirani kabisa na sehemu zinazohifadhi kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana harufu ya asumini inaweza kukurudisha kwenye harusi ya dada yako mara moja, bila hata kufikiri.

Usikimbilie kumnusisha mama mkwe karafuu na kutoa hukumu. Pua hupungua nguvu kwa umri, kwa sigara, kwa mafua ya muda mrefu, na wengi waliipoteza kwa UVIKO-19. Ila kama mama aliyekuwa anajua chumvi ya mchuzi kwa harufu tu sasa hasikii hata wali ukiungua, hilo ni jambo la kumwambia daktari pamoja na mengine.

Je, harufu zenyewe zinasaidia kumbukumbu? Mwaka 2023 watafiti wa California walichapisha matokeo ya wazee waliowekewa harufu tofauti za mafuta ya mimea chumbani kila usiku kwa miezi sita, na kumbukumbu zao za maneno zikapanda. Watu walikuwa 43 tu, kwa hiyo tusubiri majaribio makubwa zaidi. Hata hivyo kumwekea mama asumini karibu na mto wa kulalia hakujawahi kumdhuru mtu.

Shambani mtakutana na manjano pia, yakichimbwa mbele yenu, machungwa ndani kama yai. Kiini chake kinaitwa curcumin, na ni asilimia chache tu ya unga mzima. Mwaka 2018 chuo kikuu cha UCLA kule Marekani kilitoa matokeo ya jaribio la watu 40 lililodumu miezi 18: waliomeza aina maalumu ya kiini hicho kumbukumbu zao ziliimarika kuliko za wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tatizo ni kwamba manjano ya kawaida huingia mwilini kwa shida sana. Bibi zetu waliyakaanga kwenye mafuta pamoja na pilipili manga, na maabara zimethibitisha kuwa pilipili manga huongeza mno kiasi kinachoingia kwenye damu.

Hapo hapo ndipo penye hatari. Kinachofaa ndani ya mchuzi kinaweza kuwa balaa kikikamuliwa kwenye kidonge. Zimeripotiwa kesi za watu walioumia ini baada ya kutumia vidonge vikali vya manjano, hasa vilivyoongezwa pilipili manga. Na unga wenyewe uwe nao makini: huko Bangladesh, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa manjano yalikuwa yakichanganywa na rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Risasi ni sumu ya ubongo! Hebu fikiria, unamnunulia mama dawa ya kumbukumbu, kumbe unamlisha kinachoiua. Dawa yake ni rahisi: nunua manjano mabichi, yasage mwenyewe.

Mwisho kuna kungumanga. Kijana wa shambani atawachekesha kwamba wanawake wa pwani huitia kwenye uji wakati wa ngoma ili aibu ipungue na kiuno kilegee. Cheka, lakini usimpelekee mzee kwa shabaha hiyo. Kukwangua kidogo kwenye chai ni sawa. Kiasi cha vijiko viwili vya chai kinaweza kuleta mapigo ya moyo ya kasi, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo.

NA VILE VIDONGE VYA DUKA LA DAWA?

Wengine mtasema, aah, mambo ya soko tumeyaacha, sisi tunanunua virutubisho vya kisasa kwenye chupa, tena vimeletwa na shemeji kutoka Ulaya. Poa. Navyo tuvikague.

Ginkgo ndiyo nyota. Ni majani ya mti wa kale wa China, na kwenye boksi kuna picha ya ubongo unaometa. Marekani waliufanyia jaribio kubwa na la subira: watu 3,069 wa miaka 75 na kuendelea, miligramu 120 mara mbili kwa siku, wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Katika kundi la ginkgo watu 277 walipata ugonjwa wa kusahau, na katika kundi la vidonge visivyo na dawa walikuwa 246. Yaani ginkgo haikuzuia chochote.

Mafuta ya samaki? Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya watu 18,353 wa miaka 50 na zaidi, waliofuatiliwa kwa miaka mitano hivi. Gramu moja ya mafuta hayo kila siku haikuzuia sonona, wala haikuinua hali ya moyo. Samaki mwenyewe ni mlo mzuri, kwa hiyo nenda ule vibua vyako bila kisingizio cha dawa.

Multivitamini ya kawaida ya kila siku imefanya vizuri kidogo. Jaribio la Marekani lililowahusisha wazee 2,262 kwa miaka mitatu, na matokeo yake kutolewa mwaka 2022, lilionyesha tofauti ndogo ya kumbukumbu kwa waliomeza. Tofauti ndogo, tunarudia, lakini ipo.

Na kuna mmea unaoitwa St John's wort, unaouzwa sana Ulaya kwa ajili ya sonona. Huu kweli unasaidia sonona ya kiasi, na kwa sababu una nguvu kweli, unagombana na dawa nyingine. Unapunguza nguvu ya ARV, ya warfarin, ya dawa kadhaa za moyo, na hata ya vidonge vya uzazi wa mpango. Wewe dada unayeshea kabati la dawa na mama mkwe, hilo nalo likuhusu.

"NI YA ASILI, HAINA MADHARA"

Hii ndiyo sentensi iliyotembea kuliko zote mjini. Lakini mzee wako hamezi manjano peke yake. Ana dawa ya presha, ana dawa ya sukari, pengine ana ya kuzuia damu kuganda. Ginkgo, kitunguu saumu na manjano kwa dozi kubwa vinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye kutumia warfarin au aspirini. Habasoda inaweza kushusha sukari, na ikikutana na dawa ya kisukari, mzee anaweza kutetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa. Nyumba nzima itasema ugonjwa wa kusahau umezidi, kumbe ni sukari imeshuka.

Wengi hawamwambii daktari. Si kwamba ni waongo. Kwao habasoda si dawa, ni chakula. Kwa hiyo siku ya kliniki beba kila kitu kwenye mfuko mmoja: vidonge, chupa, unga, hata ile isiyo na maandishi. Mwaga mezani kwa daktari. Haina haja ya kuona haya.

Na tusisahau upande wa mshiko. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea pensheni jamii, wakianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, kiwango ambacho kimepandishwa baadaye. Hela hiyo ya mzee inaweza kwisha yote kwenye chupa moja ya "dawa ya ubongo", na mayai, maziwa na nauli ya kliniki vikakosekana.

KINACHOSAHAULISHA, MARA NYINGI KINA DAWA

Hili ndilo tunalotaka urudi nalo nyumbani. Kusahau si ugonjwa mmoja. Baadhi ya sababu zake zinatibika, na ukizificha chini ya kijiko cha asali kwa mwaka mzima, unampotezea mama mwaka.

Upungufu wa vitamini B12 ni mfano mzuri. Vitamini hii iko kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Mzee anayeishi kwa uji, ugali na mchicha anaweza kupungukiwa, tena tumbo la uzeeni huinyonya kwa shida. Aliyetumia metformin ya kisukari kwa miaka mingi yuko kwenye hatari zaidi. Dalili zake? Kusahau, huzuni, uchovu, ganzi miguuni. Tiba yake? Sindano au vidonge. Unaona? Hapa kirutubisho kweli ni dawa, kwa sababu kipimo kimeonyesha kinakosekana.

Kuna tezi ya shingoni iliyolegea, inayomfanya mtu awe mzito, mwenye baridi na mwenye kusahau. Kuna dawa zinazotia ukungu kichwani: ile piritoni ya mafua anayoimeza kila usiku apate usingizi inaweza kumchanganya mzee. Kuna masikio yasiyosikia, kwa sababu huwezi kukumbuka usichokisikia. Kuna maambukizi ya mkojo au malaria, ambayo kwa mzee huweza kuleta kuchanganyikiwa kwa ghafla ndani ya siku moja mbili. Hiyo ya ghafla usiisubirishe. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na kuna sonona yenyewe. Mjane anayekaa kimya, asiyekula, asiyekumbuka, watu wanasema "uzee tu huo". Uzee haumnyimi mtu hamu ya kuishi. Sonona ya mzee inatibika, na ikitibiwa kumbukumbu nayo mara nyingi huchangamka. Zanzibar ipo hospitali ya Kidongo Chekundu, Dar ipo Muhimbili. Kwenda huko hakumaanishi mama ni kichaa, na wewe ndiye wa kwanza kulisema hilo kwa sauti kwenye familia.

BARAZANI, DAWA ISIYOUZWA

Jumamosi jioni, kabla ya Forodhani na mishikaki yenu, piteni Jaws Corner katikati ya Mji Mkongwe. Wazee wamekaa barazani, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, bao linachezwa, dhumna zinapigwa mezani, siasa na mpira vinabishaniwa kwa pamoja. Kuna anayehesabu kete, kuna anayekumbusha nani alishinda jana, kuna anayemtania mwenzake kwa jambo la miaka arobaini iliyopita.

Ripoti ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau duniani. Humo kuna presha, kisukari, masikio, macho, sigara, lehemu mbaya, kutofanya mazoezi, sonona, na upweke. Na nchini Finland, jaribio la watu 1,260 waliofuatiliwa miaka miwili, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2015, lilionyesha kuwa ukiunganisha chakula bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na udhibiti wa presha, ubongo wa mzee unanufaika. Hakukuwa na kidonge cha siri.

Sasa linganisha na mama uliyemhamishia Dar akae kwenye fleti ghorofa ya tatu. Majirani hawajui, soko haliko karibu, dada wa kazi ana simu yake, nyinyi mnarudi saa mbili usiku. Mmemtoa kwenye baraza lake lote, halafu mnashangaa anasahau jina la siku. Kila siku kwake ni Jumanne.

MNALIZUNGUMZAJE NYINYI WAWILI?

Wikiendi mkiwa wenyewe, mbali na simu, ndiyo nafasi. Sheria ya kwanza: mwenye mzazi ndiye aanze kuelezea anachokiona. Mkwe asianze na "mama yako". Aanze na tukio: "Jumatano nilikuta jiko limewaka na yeye yuko uani." Tukio halimtukani mtu.

Ya pili: gawaneni kazi kwa majina. Nani anampeleka kliniki, nani anaongea na kaka wa Mwanza, nani anapiga simu kila jioni. Kazi hizi kwa kawaida humwangukia mke au binti, na ndoa nyingi zinachakaa hapo taratibu bila mtu kugundua. Mume anayemwogesha mama yake sharubati ya sifa mbele za watu lakini hajui jina la dawa yake ya presha, ajitafakari.

Ya tatu: mzazi awepo kwenye mazungumzo. "Mama, tumeona unachoka siku hizi, twende tukapime damu wote watatu." Wote watatu, kweli. Na wewe presha yako huijui.

KAPU LETU LA KURUDI NALO

Nunua manjano mabichi, tangawizi, hiliki, mdalasini, habasoda na pilipili manga kwa ajili ya jikoni. Chagua viungo vizima, si unga, na vionje harufu kabla ya kulipa.

Acha chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya kuisha. Acha pia chochote kinachoahidi kutibu presha, kisukari, nguvu za kiume na kusahau kwa mkupuo.

Uliza kliniki vipimo vya presha, sukari, wingi wa damu, B12 na tezi ya shingoni, pamoja na macho na masikio. Uliza kila dawa anayomeza inafanya nini, na ipi inaweza kupunguzwa. Usiikatishe mwenyewe.

Mbebee mama kitu cha kufanya, zaidi ya kitu cha kumeza: gramu chache za karafuu za kuchambua, asumini za kutunga kikuba, au kete za bao la kufundisha wajukuu.

Na Jumapili jioni mkishampa zawadi zake, kaeni. Mwombe awaeleze pilau la harusi yake lilipikwaje na nani alilipika. Akikosea jina, msimsahihishe haraka. Mwacheni amalize, kisha mwekeeni miadi ya kliniki ya Jumatatu.